Prosesa yangu iko wapi? Kisa cha Celeron 300A na kipande cha selotepu

Mteja alirudi asubuhi ya siku ya pili, mashine kaipakata, na hakusalimia. Aliitua mezani, akachomeka waya za umeme na za kioo mwenyewe, akawasha, kisha akagusa kioo kwa kidole pale yanapopita yale maandishi meupe kabla Windows haijafunguka.

"Soma hapo, kijana."

Nikasoma: Celeron, 300 MHz, yaani jina la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kasi yake kwa megahezi.

"Juzi nimewaletea ikiandika 450. Prosesa yangu iko wapi?"

Hii ilikuwa Kariakoo, mwaka 2003, na mimi nilikuwa najifunza ufundi wa kompyuta chini ya mzee mmoja aliyeanzia kwenye redio na televisheni. Anayeijua Kariakoo anajua uzito wa swali lile. Fundi anaweza kuichelewesha kazi ya mtu, anaweza hata kuiharibu, na akasamehewa. Lakini likishazagaa neno kwamba pale wanachomoa vitu vya watu, wateja wanahamia mlango wa pili bila kuaga. Mzee akaweka chini kifaa cha kulehemu, akampa mteja stuli, akanigeukia. "Ulifanya nini kwenye mashine hii? Nieleze kimoja kimoja, usiruke."

Niliyofanya yalikuwa ya kawaida kabisa. Mashine ilikuwa mtumba, imekuja kwenye kontena pamoja na nyingine nyingi, na jamaa aliifanya mashine kuu ya internet kafe yake. Ndiyo iliyogawa intaneti kwa zile nyingine sita na kuhesabu dakika za wateja. Shida yake ilikuwa kuganda. Asubuhi inakwenda vizuri, ikifika saa nane au saa tisa mchana inasimama tuli, kipanya hakisogei, na hesabu ya dakika inapotea. Nikaifungua, nikapuliza vumbi la juujuu, nikachomoa RAM, vile vibao vya kumbukumbu, na prosesa, nikasugua pini zake za dhahabu kwa kifutio cha penseli kama nilivyofundishwa, nikarudisha. Nikaiacha iwake kutwa nzima. Haikuganda. Nikajiona nami nimekuwa fundi.

"Kwenye prosesa hukuona kitu?"

"Kulikuwa na kauchafu tu, mzee. Kagundi kamenata kwenye pini moja. Nikakabandua."

Mzee alifumba macho kidogo. "Hako kagundi," akasema, "ndiko 450 yake."

Ili neno lile lieleweke inabidi turudi Agosti 1998. Miezi michache kabla, Intel, watengenezaji wa prosesa, walikuwa wametoa Celeron za kwanza, prosesa za bei ya chini za kuwazuia washindani wao AMD wasilimeze soko la wanyonge. Katika kubana gharama waliondoa kache yote ya ngazi ya pili, yaani ile kumbukumbu ndogo ya haraka inayokaa jirani na prosesa ili isilazimike kuisubiri RAM kila mara. Zikachekwa, na kwa haki. Tarehe 24 Agosti 1998 wakajirekebisha na Celeron 300A, yenye kache ya kilobaiti 128 ndani ya kipande kilekile cha silikoni, ikienda kwa kasi ileile ya prosesa. Pentium II za wakati ule, prosesa zao ghali, zilikuwa na kilobaiti 512, mara nne yake, ila zilikaa kwenye chipu za pembeni na kutembea kwa nusu ya kasi. Kwa kazi nyingi, hasa michezo, kile kidogo kilichokaa mlangoni kilitosha kabisa kushindana na kile kingi kilichokaa uani.

Siku hiyohiyo Intel walitoa pia Pentium II ya megahezi 450. Bei ya jumla, kwa anayechukua elfu moja, ilikuwa dola 669. Ya Celeron 300A ilikuwa dola 149. Na zote mbili zilitengenezwa kwa teknolojia moja, ya mikroni 0.25.

Sasa hesabu yenyewe. Kasi ya prosesa ni zao la namba mbili: mapigo ya ile njia inayoiunganisha na vitu vingine kwenye mazabodi (bao kuu la mashine), mafundi tunaiita basi, ukizidisha kwa kizidisho kilichomo ndani ya prosesa. Kwenye 300A basi lilikuwa 66 na kizidisho 4.5, ndiyo ikapatikana 300. Kizidisho kilifungwa kiwandani, hukigusi. Sababu mojawapo ya kukifunga ilikuwa walaghai waliokuwa wakifuta maandishi ya prosesa za chini, wakachapa kasi kubwa, wakauza. Lile basi, hata hivyo, linaamuliwa na mazabodi, na chipuseti (chipu zinazoongoza mazabodi) ya 440BX, iliyotoka mwaka huohuo wa 1998, ilikuwa tayari imeruhusiwa rasmi kwenda 100 kwa ajili ya Pentium II. Zidisha 100 kwa 4.5. Unapata 450 kamili, kasi ileile ya ile ya dola 669.

Watu waliojaribu waligundua kwamba 300A nyingi mno zilikubali, tena bila kuongezewa volti, kwa zilezile volti 2.0 za kiwandani. Ndiyo maana mpaka leo ukiwauliza wazee wa ovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani, prosesa gani ilikuwa mama wa zote, jina hili halikosekani.

Mwenye mazabodi kama Abit BH6 alikuwa anaingia tu kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mashine, na kuchagua basi analotaka. Mazabodi nyingine hazikutoa uhuru huo. Zilimuuliza prosesa mwenyewe: wewe wa 66 au wa 100? Na prosesa lilijibu kwa pini moja tu kati ya pini 242 za ukingo wake, pini B21. Ikiwa imeunganishwa na ardhi ya umeme, jibu ni 66. Ikiwa haikuunganishwa na kitu, mazabodi yenyewe inaivuta juu na kuhesabu kwamba ni 100. Kwa hiyo anayetaka 450 hahitaji kulehemu wala kununua chochote. Anaiziba B21 isiguse, basi. Prosesa bado inasema 66, ila hakuna anayeisikia.

Mzee hakumwelezea mteja yote haya. Alichomoa ile kadi ya prosesa, akaondoa lile bati la kupooza lenye feni, akamwonyesha mteja namba zilizochapwa: 300A. "Hii ndiyo uliyokuja nayo. Hatujaigusa." Mteja akatazama kadi, akatazama mzee. Hakuamini, na ningekuwa mimi nisingeamini.

Basi nikatumwa dukani kuleta selotepu.

Kukata kile kipande ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Celeron ile haikuwa na ganda la plastiki kama Pentium II. Ni kadi tupu ya kijani, na ukingoni pini zake zimepangwa 121 upande huu na 121 upande ule, kila moja ikichukua milimita moja. Milimita moja ni kama nusu ya upana wa punje ya mchele. Nilihesabu kutoka mwanzo wa upande wa B kwa ncha ya sindano, nikapata ishirini na moja, nikarudia nikapata nyingine, nikahesabu mara ya tatu mzee akiwa ameshika taa. Utepe wa umeme ule mweusi haufai kwa kazi hii. Ni mnene, ukiingiza kadi kwenye tundu lake unajikunja na kuziba jirani. Selotepu ya kawaida, imekatwa kwa wembe, ikabandikwa kwa koleo ya nyusi, ikaminywa kwa ukucha. Kadi ikarudi ndani polepole, wima, bila kuchezacheza.

Washa. 450.

Mteja akavuta pumzi. Lakini mzee alikuwa bado ana swali, na hapa ndipo ninapoona kisa hiki kina thamani kwa yeyote anayetaka mashine ya kasi kwa pesa ndogo. Mashine ilikuja kwetu inaganda. Mimi nikaondoa selotepu, ikaacha kuganda. Kumbe sikuitibu, nilimpunguzia mgonjwa mbio tu. Ugonjwa bado upo. "Iache hapa siku tatu," akamwambia mteja. "Ukitaka kushinda hapa uitazame, stuli hiyo."

Saa nane na nusu mchana ikaganda.

Tulianza na RAM, kwa sababu basi likipanda haliendi na prosesa peke yake. Kwa mazabodi ile, RAM nayo ilipaswa kupiga 100. Kulikuwa na vibao viwili vya megabaiti 64. Ukisoma mwisho wa namba zilizochapwa kwenye chipu, kimoja kilimalizia na -8, kingine na -10. Hizo ni nanosekunde. Nanosekunde 10 ukizigeuza unapata megahezi 100 kwenye karatasi, bila nafasi ya kupumua. Nanosekunde 8 ni 125, na ndiyo maana RAM ya kiwango cha PC100, yaani cha basi la 100, iliyotengenezwa kwa uaminifu ilikuwa ya 8. Kile cha -10 kilikuwa PC66. Mzee akauliza. Mteja akakumbuka: kibao cha pili alikiongeza yeye, kwa bei nzuri, kutoka kwa jamaa anayefahamiana naye. Na kuganda kulianza lini? Akanyamaza. Kulianza baada ya hapo.

Mtu angeishia hapo, na nusu ya ukweli ingebaki ndani ya mashine. Tulitoa kibao cha -10, tukaiacha iwake. Siku ya pili ikafika saa tisa, ikaganda tena, mara moja tu.

Sasa joto. Moto wa prosesa unapanda sambamba na kasi yake, na unapanda kwa mraba wa volti. Celeron 300A katika hali yake ya kawaida inakula wati 19 hivi. Kwa 450 bila kugusa volti, zidisha kwa moja na nusu, ni kama wati 28. Aliyepandisha volti hadi 2.2 anaongeza asilimia 21 juu ya hizo. Leo wati 28 ni kichekesho, lakini bati lake lilikuwa dogo, na chumba cha internet kafe yenye vioo saba vya zile runinga nene, mwezi wa pili, Dar es Salaam, mlango umefungwa vumbi lisiingie, si chumba, ni tanuri. Chumba kikipanda nyuzi kumi, prosesa nayo inapanda nyuzi kumi. Haina pa kukimbilia. Ile mashine iliundwa nchi ya baridi na mtu ambaye saa nane yake ya mchana haikufanana na yetu.

Mzee alizima kila kitu chenye kelele, akatega sikio. Feni ilikuwa inazunguka, kwa macho hukuona kasoro, ila ilikuwa na mkwaruzo, na ukiisimamisha kwa kidole inasitasita kabla ya kuanza tena. Katikati ya mapezi ya bati, kule nisikofika nilipopuliza, vumbi lilishikamana kama kitambaa. Mafuta ya kupitisha joto kati ya bati na chipu yalikauka na kuwa unga. Tukatoa feni kwenye mashine iliyokufa, tukaitia tone la mafuta ya cherehani, tukabadilisha yale mafuta ya joto. Siku ya tatu tukaendesha Super Pi, ile programu ya Kijapani inayokokotoa tarakimu za pai, moja baada ya nyingine, kutoka asubuhi hadi jioni. Haikukosea. Tukarudisha kibao cha -10 kwa makusudi. Raundi ya pili ikatoa kosa.

Kwa hiyo watuhumiwa walikuwa wawili, na kila mmoja peke yake alitosha. Ungebadilisha vyote kwa pamoja ungepona bila kujua umepona nini. Kubadili kitu kimoja, kupima, kuandika, ndipo kugusa kingine: inachosha, na mteja anaona unamchelewesha.

Katikati ya siku zile nilitoa wazo nikidhani ni la busara. Kwa nini tusitafute mazabodi ya kuchagua, tukaiweka katikati, basi la 83, tukapata 375 salama? Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. Kwenye 440BX, kadi za PCI (zile za kuongezea, kama ya mtandao) na diski zinapata mapigo yao kwa kugawanya ya basi. Ikiwa 66, inagawanywa kwa mbili, unapata 33, ndiyo stahili yake. Ikiwa 100, kwa tatu, unapata 33 vilevile. Ikiwa 83, kwa mbili: 41 na nusu. Diski haikuumbwa kwa hiyo, na inapokosea haigandi kwa heshima, inaandika uchafu juu ya mafaili yako kimyakimya. Kwa hiyo 450 ilikuwa salama kuliko 375. Kwenye 450 kilichovuka mpaka wake ni prosesa pekee, mengine yote yako nyumbani.

Nilipopata nafasi niliitazama upya ile mashine, safari hii nikimsoma aliyeiunda. Kasha lilikuwa bati la bei ya chini, kingo zake zinakata vidole. Prosesa, ya chini kabisa. Lakini mazabodi ilikuwa ya 440BX, wakati zilikuwepo za bei nafuu zaidi zisizokwenda 100. RAM yake ya kwanza ilikuwa PC100 halisi. Pawa saplai ilikuwa nzito mkononi, na uzito wa pawa saplai ya zamani ulikuwa haudanganyi sana. Huyu mtu alibana kwenye vitu viwili ili alipie vitatu. Ndiyo maana ninatofautiana na wanaosimulia ovakloki ya 1998 kama bahati ya kuokota. Zile dola mia tano alizookoa zilikuwa halisi, ila alirudisha kiasi fulani mezani, kwa mazabodi, kwa RAM, kwa umeme safi. Miaka mitano baadaye mtu mwingine akaongeza kibao kimoja cha bei nzuri, na makubaliano yote yakavunjika.

Kwa anayeuliza kama hili linawezekana leo: kwa namna ile, hapana. Kwenye prosesa za Sandy Bridge za Januari 2011, Intel waliunganisha mapigo ya vitu karibu vyote kwenye saa moja, ukiigusa saa hiyo umegusa na diski, na kizidisho kilichofunguliwa kikawa kinauzwa kwa herufi K na bei yake. Mwaka 2014 walitoa Pentium G3258 ya dola 72, viini viwili, kizidisho wazi, na kwa muda harufu ya 1998 ikarudi. AMD wao walifungua kizidisho kwenye karibu prosesa zao zote za Ryzen tangu 2017, mradi usichukue mazabodi za chini kabisa kama A320, ambazo haziruhusu. Lakini prosesa za sasa zinajiovakloki zenyewe. Zinapima joto na umeme, zinapanda mpaka karibu na kikomo chao bila kukuomba ruhusa. Ile nafasi iliyoachwa mezani na kiwanda, kiwanda kimeichukua na kukuuzia. Mwenye pesa ndogo leo, mimi namwambia aweke pesa yake kwenye kupooza, RAM mbili zinazofanana, na pawa saplai ya kweli. Prosesa itatafuta megahezi zake yenyewe.

Siku ya nne mteja alikuja, safari hii akasalimia. Mzee akampa uchaguzi. Abaki na vibao vyote viwili vya RAM na megahezi 300, au achukue 450 na kibao kimoja, mpaka anunue PC100 nyingine. Akachagua 450, kama nilivyotarajia. Kwa kalamu ya wino, ndani ya ubavu wa kasha, mzee aliandika: *Pini B21 imezibwa. Ukiizibua ni 300. RAM iwe PC100 tu.* Ningeyakuta maandishi kama hayo kutoka kwa yule wa kwanza, mimi nisingeshika kifutio.

Jamaa aliyasoma mara mbili, kisha uso wake ukabadilika.

"Ngoja kwanza. Kumbe na aliyeniuzia, aliniuzia 300?"

"Alikuambia nini?"

"Aliniambia 450. Na nikalipa ya 450."

Mzee hakujibu. Pengine muuzaji naye aliisoma kwenye kioo kama sisi. Mteja alisimama pale kidogo akipiga hesabu zake, halafu akaingiza mkono mfukoni, akatulipa, akaibeba mashine. Alipofika mlangoni akageuka.

"Hiyo selotepu," akasema, "nikatieni na kipande cha akiba."